Swichi ya Gari la Msiba

Wasomaji wangu, mara iliyopita niliwaacha getini mwa mochwari: mke wangu ndani ya jeneza, jeneza ndani ya gari, na gari limegoma kuwaka.

Kuna msomaji alinikuta sokoni akaniambia kwamba alipofika hapo alicheka. Simlaumu. Ingekuwa ya jirani, hata mimi ningecheka.

Kwa asiyenijua, mimi ni dereva wa gari la chama chetu cha kuzikana. Watu hawaniiti jina, wananiita Sindikiza. Nimewasindikiza wa kila nyumba mtaani kwetu, na sijapata kumchelewesha hata mmoja. Nikaja kumchelewesha wangu.

Ufunguo uliingia, ukakataa kugeuka. Nikaubembeleza, nikautukana, nikaupaka mate. Wapi! Usukani nao ukajifunga kwa kuuonea huruma. Mwisho wa yote jeneza likahamishiwa kwenye pikapu ya muuza kabichi, na mke wangu akaenda kuzikwa na majani ya kabichi miguuni. Tulifika makaburini wachimbaji wamekata tamaa, wameegemea makoleo yao wanatutazama kama watu waliokuja harusini bila kualikwa.

Na swichi ile nilikuwa nimeisemea. Ilianza kukwama mapema, leo inagoma, kesho inakubali. Nilimwambia Katibu, akasema mwambie Mwenyekiti. Nikamwambia Mwenyekiti, akasema pitia kwa Katibu. Viongozi wetu wana masikio, ila wameyafanya ya kutundikia miwani.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Viti vya msiba havijarudishwa kwa wenyewe, Mwenyekiti akaja kunipa pole. Huyu Mwenyekiti wetu ana duka la mbao, na majeneza ya chama yanatoka dukani kwake. Pimeni wenyewe. Mtu anayepata mkate watu wakifa, ndiye tuliyemkabidhi chama cha wanaokufa.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema.

"Nimeshapoa."

"Mungu ndiye mpangaji."

"Na wa swichi alikuwa nani?"

Akakohoa. Akaketi bila kukaribishwa.

"Kamati imekaa," akasema. "Wanachama wananung'unika. Aibu ile ya mochwari imetuvua nguo mbele za watu. Jumapili kuna mkutano, na ajenda ni uzembe wa dereva."

"Dereva yupi?"

"Kwani tuna wangapi?"

"Basi sema uzembe wangu. Usinizungukie kama nyuki."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, Sindikiza. Ningeweza kumtuma mtu." Akashusha sauti, akaifanya ya kibaba. "Kesho anakuja fundi wa funguo. Atang'oa swichi, ataweka mpya na funguo zake mpya. Wewe msaidie. Tukijua imekufa yenyewe, utaendelea. Tukijua umeiua kwa mkono wako mzito, funguo mpya atapewa mwingine."

"Mwingine nani?"

"Tutampata."

Walikwisha kumpata, lakini nitafika huko.

Lazima mjue uzito wa neno lile. Usukani ule ndio kula kwangu, na ndio kulala kwangu. Chumba ninachoishi kiko nyuma ya ofisi ya chama, na kinakwenda na kazi. Anayeshika funguo za gari ndiye anayelala humo. Katika chumba hicho ndimo nilimoishi na mke wangu tangu tuoane, na kitanda tulichokipitisha dirishani kwa kuwa mlango ulikataa, kimo humo hadi leo. Kuninyang'anya funguo ni kunitoa nje, mimi na godoro na kila alichokigusa marehemu.

Mama mkwe wangu alikuwa bado yuko kwangu, hajarudi kwake tangu maziko. Nilipomweleza, aliendelea kukunja nguo za mwanawe, akizilaza moja juu ya moja.

"Waachie gari lao, baba," akasema.

"Niwaachie? Mama, nitalala wapi?"

"Kwangu kuna chumba."

"Nikae ukweni kama mlemavu? Hapana. Hawa walimuua mwanao, na sasa wanataka kunizika mimi nikiwa hai."

"Mwanangu aliuawa na ugonjwa."

"Na ugonjwa ulisaidiwa na nani?"

Alijua nilichokuwa nakisema. Na wasomaji wangu wa tangu mwanzo mnakijua.

Mke wangu alipoanza kuumwa, alitakiwa kwenda hospitali kubwa mara kwa mara, na ni mbali, na alikuwa hawezi kusimama kwenye foleni ya basi. Nilikwenda kwa kamati na kofia mkononi. Nikawaomba, siku ambazo hakuna msiba, nimpeleke kwa gari. Wakati huo gari limekaa tu uani linanyewa na kunguru. Mwenyekiti akanijibu mbele ya watu: "Gari hili hubeba aliyekwisha, halibebi anayeumwa. Tukianza na mkeo, kesho kila mwenye mafua atalitaka. Subira, Sindikiza. Likifika la kufika, gari litakuja bila kuombwa."

Litakuja bila kuombwa! Kauli hiyo nimeimeza lakini haijashuka.

Mke wangu akaniambia tusigombane na wakubwa, yeye atakwenda kwa lifti za majirani. Nami siku zisizo na msiba nilikuwa kibarua kwenye tanuri la matofali ng'ambo ya mto, natoka asubuhi narudi jioni mwekundu kama tofali lenyewe. Nikimuuliza, "Umekwendaje leo?" ananijibu, "Nimepata lifti." Nikashukuru Mungu kwa majirani wema.

Asubuhi yake nikaenda uani kwenye gari. Nani nimkute kwenye kiti changu? Mpwa wa Mwenyekiti. Mwanamume mzima ana kitambi cha kutosha watu wawili. Amekisukuma kiti nyuma mpaka mwisho, kitambi kipate makao, na anajitazama kwenye kioo.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Nimeambiwa nilizoeezoee."

"Litakuzoea wewe siku ukilala nyuma."

Akashuka haraka. Kumbe mwoga wa maiti, na huyo ndiye waliyemtafutia kazi ya maiti! Akasema anakwenda kunywa chai, na chai hiyo sijui ilichemshiwa nchi gani, maana hakurudi mpaka kazi imekwisha.

Fundi wa funguo akafika na sanduku lake. Wote tunamwita Fundi Meno, kwa vile anachonga meno ya funguo. Yale ya kwake mwenyewe yamekwisha kuhama. Ana kibanda karibu na kituo cha basi, hana maneno mengi, na hajawahi kuniudhi. Watu wa aina hiyo kwangu ni wachache.

"Ufunguo uko wapi?" akauliza.

Nikampa. Akauingiza, akaujaribu kwa vidole viwili kama anayempima mtoto homa. Ukagoma.

"Ungegeuka kidogo tu, swichi ingetoka kwa ustaarabu. Sasa hautaki. Itabidi tuitoboe."

Akafungua skrubu, akavua kava la chini ya usukani, nyaya zikaning'inia kama utumbo. Akatoboa kwa drili. Chuma kikalia, nami meno yakaniuma. Baadaye akaivuta swichi yote nje, akatandaza kitambaa juu ya kiti, akaanza kuipasua.

Ndani ya swichi mna vibati vyembamba vilivyopangwa mstari, kila kimoja na springi yake. Ufunguo ulio wake ukiingia, meno yake yanavisawazisha vyote, na swichi inageuka. Kibati kimoja tu kikikaa vibaya, hugeuzi kitu. Hayo alinieleza yeye.

Akaigonga ile swichi juu ya kitambaa. Kikadondoka kitu kidogo kama punje ya mchele, cha manjano.

Fundi Meno akakiokota, akakisogeza karibu na jicho.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Jino."

"Jino la nani?"

"La ufunguo. Limevunjikia humu ndani, likawa linatembea kati ya vibati. Siku likilala pembeni, gari linawaka. Siku likisimama katikati, basi. Hiyo siku ya msiba wako lilisimama."

Nikaunyakua ufunguo wangu, nikautazama. Meno yote yapo. Na wangu ni mweupe, wa chuma, ule uliokuja na gari.

Hapo ndugu zangu damu ilinichemka kwa furaha. Kumbe kuna ufunguo mwingine! Kumbe kuna mtu alikuwa analiwasha gari nikiwa kwenye matofali, akavunja jino lake humo, akaondoka anapiga mluzi, na mimi nikabebeshwa lawama!

"Mwenyekiti," nikasema. "Ni Mwenyekiti! Gari analibebea mbao zake. Nani mwingine mwenye ubavu wa kuuchukua ufunguo kwenye msumari wa ofisini akaupeleka kuchongwa? Fundi, umeniokoa. Jumapili nitamvua nguo yule mtu abaki na miwani."

Fundi Meno hakufurahi nami. Alikuwa anaigeuza ile punje kiganjani.

"Sindikiza, kaa chini."

"Nikae nini, niko sawa."

"Kaa, kaka."

Nikakaa kwenye ngazi ya gari.

"Hii shaba ni yangu," akasema. "Funguo za manjano ambazo bado hazijachongwa meno, pale kituoni ninazo mimi peke yangu, nililetewa na ndugu yangu. Ni laini, nimeacha kuzitumia kwa ajili hiyo. Ufunguo wa gari hili niliuchonga mara moja tu. Naukumbuka kwa sababu ya maneno ya aliyeuleta. Nilimuuliza wa gari gani huu, akasema, 'Gari ambalo abiria wake hawadai chenji.' Nikacheka."

"Ni nani?"

"Mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Alisema ametumwa na mumewe. Nami namjua mumewe. Nisamehe, nilidhani umemtuma kweli."

Kunguru walikuwa wanapigana juu ya paa la ofisi. Yale maneno ya abiria wasiodai chenji niliyajua. Yalikuwa utani wangu mwenyewe, na nilikuwa nikimwambia mtu mmoja tu, chumbani.

Kuendesha nilimfundisha mwenyewe, zamani, kwenye uwanja wa mpira. Ufunguo kwenye suruali yangu ulikuwa karibu naye kila usiku. Lakini alikwenda wapi na gari la msiba? Na alikwenda na nani? Mambo mengi yalinipitia kichwani, na mengine nayaonea haya kuyaandika. Mtu akifiwa hudhani amemaliza kumpoteza mkewe. Kumbe kuna kumpoteza mara ya pili.

Fundi Meno alifunga swichi mpya kimya kimya. Akaijaribu, gari likawaka kwa mguso mmoja. Akaniwekea funguo mbili mpya mkononi.

"Milango bado ni ya ufunguo wa zamani," akasema. "Wa kufungulia mbali, wa kuwashia mbali. Gari lako sasa lina wake wawili."

Kisha akakumbuka anaongea na nani, akauma mdomo.

"Samahani, ndugu yangu."

"Jumapili utaitwa," nikamwambia. "Utasemaje?"

"Nitasema nilichokikuta."

"Basi sema ulichokikuta. Usiseme ulichokikumbuka."

Akafunga sanduku lake. "Mimi ni mtu wa kuchonga, si mtu wa kusema. Lakini nikiulizwa, Sindikiza, sitasema uongo. Nina umri huu."

"Hutaulizwa."

Nilimwambia hivyo kwa sababu shauri nilikuwa nimekwisha kulikata pale pale kwenye ngazi. Nikisema ukweli, mke wangu anageuka mwizi wa gari la chama, na Mwenyekiti anatoka msafi kama sahani ya mgeni. Nikinyamaza, natoka mimi na godoro langu. Njia ilibaki moja, nayo ilipita juu ya kichwa cha mtu ambaye nilikuwa namtafutia kosa tangu siku ile aliponiambia nisubiri. Kosa alikuwa nalo. Kwamba si hili, mimi lingenihusu nini?

Jumapili ukumbi ukajaa. Wengine walikaa madirishani. Mwenyekiti alisimama mbele na tai yake, Katibu pembeni anafuta jasho, na mpwa mwenye kitambi mstari wa kwanza amevaa shati jipya. Mtu hanunui shati jipya kwa ajili ya kushindwa.

"Ndugu wanachama," Mwenyekiti akaanza, "chombo cha chama ni kama yai. Kinataka mkono mwepesi. Lakini tunaye mwenzetu, na hatumchukii, tuko naye katika huzuni yake, ambaye mkono wake..."

"Fupisha!" mama mmoja akapiga kelele. "Tumeacha vyungu motoni."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akafupisha: nimeiua swichi kwa ubabe, chama kimeaibika, kamati inapendekeza funguo apewe mtu mwingine. Akamtazama mpwa. Mpwa akatazama viatu vyake kwa unyenyekevu wa bandia.

Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kabla hamjanihukumu, mwiteni fundi aliyeipasua hiyo swichi."

Fundi Meno akaja mbele. Akatoa kitambaa, akawaonyesha ile punje ya manjano. Akaeleza kama alivyonieleza mimi: ni jino la ufunguo mwingine, limekatikia ndani, ndilo lililozuia swichi. Ufunguo wa dereva ni mzima. Dereva hana kosa.

Ukumbi ukavuma.

"Asante, fundi, kaa," nikasema haraka. Nikawageukia watu. "Mmesikia. Kuna mwenye ufunguo wa pili. Mimi nikifyatua matofali, kuna mtu analiendesha gari lenu. Huyo ndiye aliyekata jino lile, na huyo ndiye aliyenizuilia mke wangu getini mwa mochwari. Sasa jiulizeni. Ufunguo ukiwa hauko kwangu, unatundikwa ofisini kwa nani? Mbao zinakwenda majumbani kwa watu kwa gari la nani?"

"Unamaanisha nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Wewe unajua ninachomaanisha."

"Litaje jina!"

"Nakutaja wewe!"

Msisikie. Ukumbi uliwaka kama petroli. Mzee mmoja akasema aliwahi kuona maranda ya mbao ndani ya gari, yamemganda marehemu kaka yake kwenye sanda. Mwingine akasema majeneza yenyewe yanapasuka kabla ya kufika. Mama wa vyungu akapanda juu ya benchi.

"Kumbe ndiyo maana! Anatuuzia sanduku, na gari letu anabebea masanduku!"

"Nilibeba mbao mara moja," Mwenyekiti akasema, "na Sindikiza mwenyewe ndiye aliyeendesha! Ufunguo wa pili siujui. Naapa kwa watoto wangu!"

"Usiwaingize watoto, hawakukukosea!"

Tai yake ilikuwa imepinda. Nilimwona mtu mzima anatafuta pa kuweka mikono. Nilingoja nisikie utamu, maana nilikuwa nimeungoja muda mrefu. Ulikuja kidogo, kama sukari iliyobaki chini ya kikombe.

Katibu, ambaye hunusa upepo kabla ya kuku, akasimama. "Kama ni hivyo, naona hoja igeuke. Dereva abaki na funguo zake. Mwenyekiti akae pembeni mpaka tuchunguze."

"Tupige kura!" wakapiga kelele.

"Hata mimi nililiona!" Muuza kabichi alikuwa amesimama nyuma kabisa. "Gari letu, limeegeshwa nyuma ya hospitali kubwa. Siku hiyo hakuna msiba. Nikasema mbona hatujatangaziwa mtu?"

"Hospitali! Anawauzia majeneza huko huko!" mtu akamalizia, na ukumbi ukapiga makofi.

Mimi sikupiga. Neno hospitali lilinipiga kifuani. Lile lililokuwa limenikosesha usingizi, la alikwenda wapi na alikwenda na nani, lilijibiwa pale pale, na muuza kabichi hakujua kwamba amenijibu.

Ndipo nikasikia sauti ninayoijua.

"Mwacheni huyo baba."

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama upande wa wanawake. Sikujua kwamba amekuja. Mtu asiyependa mikutano, asiyependa hata harusi. Alikuja mbele taratibu, watu wakimpisha kwa ajili ya msiba wake. Akafungua mkoba, akaweka kitu juu ya meza ya Mwenyekiti.

Ufunguo wa manjano. Kati ya meno yake, pengo.

"Mwenye ufunguo alikuwa mwanangu," akasema. "Nyinyi mlimnyima gari, akalichukua. Aliniomba nimsindikize, kwa hiyo nami nimo. Alikuwa anajiendesha mwenyewe kwenda kutibiwa, mimi nimekaa pembeni nimemshikia chupa ya maji. Tulikuwa tunaingilia upande wa mochwari. Walinzi wakiona gari la msiba wanafungua geti, hawaulizi. Tunaliacha huko, tunazunguka kwa miguu mpaka kwenye foleni ya wagonjwa."

"Kurudi ndiko kulikuwa kugumu. Dawa zile zilikuwa zinamgeuza tumbo. Siku moja alisimamisha gari kando ya barabara akawa anatapika mlango ukiwa wazi, na watu waliokuwa wakipita walivua kofia. Wanadhani tuna maiti. Mwanangu akafuta mdomo akacheka. Akaniambia, 'Mama, wananiwahi.' Siku ya mwisho, tumesharudi uani, jino la ufunguo lilikatika akiwa anazima gari. Akasema asilijaribu tena, lisije likamharibia mumewe kazi."

Mama wa vyungu alishuka kwenye benchi, akaanza kulia kwa sauti. Hata Katibu alivua miwani.

"Kwa nini hukutwambia mapema, mama?" Mwenyekiti akauliza. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Nilitaka azikwe kwanza bila kusemwa. Na nilitaka huyu mkwe wangu asijue, kwa sababu marehemu hakutaka ajue. Alisema asiyejua hafukuzwi. Lakini siwezi kukaa pale nikatazama mtu anaitwa mwizi kwa kosa la mwanangu. Sitaki alalie uongo kule aliko." Akanigeukia. Uso wake ulikuwa mpole kuliko siku zote nilizomjua. "Msimlaumu Sindikiza kwa kumtaja Mwenyekiti. Ni uchungu, na alikuwa gizani. Hakujua. Naapa kwa kaburi la mwanangu, ambalo udongo wake haujakauka, mkwe wangu hakujua lolote."

Watu wakaguna kwa huruma. Jirani yangu akanishika bega. Kama mkutano ungefungwa hapo, ningetoka na funguo zangu na chumba changu, na mtaa mzima unanililia.

Lakini Mwenyekiti ni mfanyabiashara. Aliuchukua ule ufunguo, akauweka karibu na ile punje juu ya kitambaa, manjano kwa manjano. Akainua kichwa polepole.

"Fundi," akasema, "ufunguo huu nani aliuchonga?"

Fundi Meno akasimama. "Mimi."

"Ulipoliona hili jino pale uani, hukuitambua kazi ya mkono wako?"

"Niliitambua."

"Ukamkumbuka aliyeuleta?"

"Nilimkumbuka."

"Na pale uani ulikuwa na nani?"

Ukumbi ulitulia hadi nikasikia vyungu vya watu vikiungua huko majumbani. Fundi Meno hakumtazama Mwenyekiti. Alinitazama mimi, kwa huruma, kama mtu aliyeshika mlango ili mwingine atangulie.

"Muulizeni mwenyewe," akasema. "Nampa nafasi."

Wote wakageuka. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa karibu nami kuliko wote. Alinishika mkono, akanitikisia kichwa kunitia moyo.

"Waambie, baba," akasema. "Waambie hukujua."